Kwa nini volti 240 na 240 huzaa 415: Jinsi ya kupata mipaka ya usemi wa sini na kosini

FUNDI wa umeme anayefungua kisanduku cha mtambo wa kusaga mahindi hukuta nyaya nne zikiingia: tatu za moto na moja ya nyutro. Akishikiza kipimavolti kati ya waya wowote wa moto na nyutro, kifaa husoma takriban volti 240. Akikishikiza kati ya nyaya mbili za moto, husoma takriban 415.

Anayekisia bila kalamu mkononi hutaja mojawapo ya majibu mawili. Ama volti 480, kwa kuwa 240 mara mbili ni 480. Ama sufuri, kwa kuwa 240 ukiondoa 240 hakubaki kitu. Kila jibu lina mantiki yake, na yote mawili ni makosa.

Volti 240 ni kiwango kilichochaguliwa na watu. Lakini 415 haikuchaguliwa na mtu. Ilijileta yenyewe, nayo ni jibu la swali ambalo mwanafunzi wa sekondari hukutana nalo katika trigonometria: usemi uliojengwa kwa sini na kosini waweza kupanda hadi wapi, na kushuka hadi wapi? Nafasi iliyo kati ya kilele hicho na kina hicho ndiyo inayoitwa hapa mipaka ya thamani.

MKONO UNAOZUNGUKA

Picha iliyo rahisi kuliko zote ni ya mkono wa saa wenye urefu wa kizio 1, uliofungwa kwenye kitovu cha duara. Mkono huo huanza ukiwa umelala kuelekea kulia, kisha huzunguka polepole kwenda juu. Kimo cha ncha yake juu ya mstari wa katikati ndicho sini ya pembe iliyozungukwa. Umbali wa ncha hiyo kulia au kushoto mwa kitovu ndio kosini.

Maadamu mkono haurefuki wala haufupiki, kimo hakiwezi kupita 1 wala kushuka chini ya hasi 1. Ndivyo ilivyo kwa kosini pia. Ila jambo la kutazamwa kwa makini ni hili: viwili hivyo havifiki kileleni pamoja. Mkono ukiwa umesimama wima, nyuzi 90, sini ni 1 na kosini ni 0. Ukiwa umelala kulia, nyuzi 0, kosini ni 1 na sini ni 0. Mmoja akipata, mwenzake hukosa.

Kimo, umbali na mkono wenyewe hufanya pembetatu yenye pembe mraba, kwa hivyo kanuni ya Pythagoras hutoa usemi ulio msingi wa mengine yote: sin²x + cos²x = 1. Huu si mlinganyo wa kutafutiwa x. Ni usawa wa kudumu, yaani ni kweli kwa kila pembe, iwe nyuzi 7 au nyuzi 700. Usawa wa namna hiyo ndio chombo cha kazi hii nzima.

Neno sini lenyewe lilisafiri safari ndefu. Mhindi Aryabhata, aliyeandika kitabu chake mwaka wa 499, alitumia neno la Kisanskriti lenye maana ya uzi wa upinde. Waarabu waliliazima wakaliandika kwa konsonanti zake tu, bila irabu, kama ilivyo desturi ya maandishi yao. Watafsiri wa Ulaya wa karne ya 12 wakalisoma kana kwamba ni neno jingine la Kiarabu, lenye maana ya kifua au mfuko wa vazi, nao wakalifasiri kwa Kilatini kuwa sinus. Kwa hivyo kila mwanafunzi abonyezaye kitufe cha sin kwenye kikokotoo anabonyeza kosa la mfasiri. Hisabati yake, hata hivyo, haikukosewa: katika karne ya 10, Abu al-Wafa wa Baghdad alikuwa tayari ameonyesha kanuni ya sini ya jumla ya pembe mbili, ambayo itahitajika punde.

KOSA LA SABA

Chukua usemi 3 sin x + 4 cos x. Kosa ambalo walimu hulisahihisha tena na tena kwa wino mwekundu huenda hivi: sini haipiti 1, basi 3 sin x haipiti 3, kosini haipiti 1, basi 4 cos x haipiti 4, kwa hivyo mipaka ya jumla ni hasi 7 hadi 7.

Hatua mbili za kwanza ni sahihi. Hata kusema kwamba jumla haipiti 7 si uongo, kama vile si uongo kusema kwamba hakuna mwanadamu anayepita urefu wa mita 7. Lakini kusema kitu hakivuki ua fulani si sawa na kusema kinaufikia. Ili jumla ifike 7, sini na kosini zingepaswa kuwa 1 kwa wakati mmoja, na mkono wa saa umekwisha kuonyesha kwamba hilo halitokei kamwe.

Silabasi ya kidato cha nne katika mfumo wa 8-4-4 humwelekeza mwanafunzi ajaze jedwali, achore grafu, kisha asome kilele kwa macho. Kwa nyuzi 0 usemi huu hutoa 4. Kwa nyuzi 30 hutoa 4.96, kwa nyuzi 60 hutoa 4.60, na kwa nyuzi 90 hushuka hadi 3. Grafu safi itaonyesha kilele karibu na 5. Njia hiyo ina faida ya kumfanya mwanafunzi aone wimbi, na haifai kudharauliwa. Ila haiwezi kumwambia kama kilele ni 5 kamili, 4.98 au 5.02, kwani unene wa penseli hufunika tofauti hiyo.

Usawa wa kudumu humwambia. Andika usemi huo na mwenzake aliyegeuzwa, yaani 3 sin x + 4 cos x na 4 sin x − 3 cos x. Zidisha kila mmoja kwa wenyewe, kisha ujumlishe majibu. Wa kwanza hutoa 9 sin²x + 24 sin x cos x + 16 cos²x. Wa pili hutoa 16 sin²x − 24 sin x cos x + 9 cos²x. Sehemu za katikati hufutana, na kinachobaki ni 25 sin²x + 25 cos²x, ambayo ni 25.

Basi miraba ya semi hizo mbili daima hujumlika kuwa 25. Kwa kuwa mraba wa pili hauwezi kuwa hasi, wa kwanza hauwezi kupita 25, na usemi wenyewe hauwezi kupita 5 wala kushuka chini ya hasi 5. Je, hufika? Hufika pale ambapo mwenzake ni sufuri, yaani 4 sin x ikiwa sawa na 3 cos x. Hilo hutokea karibu na nyuzi 36.87, ambapo sini ni 0.6 na kosini ni 0.8. Mara 3 kwa 0.6 ni 1.8, mara 4 kwa 0.8 ni 3.2, na jumla ni 5 kamili.

Swali hilo la mwisho, je, hufika, ndilo linalorukwa mara nyingi kuliko yote, na bila hilo jibu ni nusu. Mpaka ambao haujaonyeshwa kuwa unafikiwa ni ua tu.

Njia ya pili, iliyo maarufu zaidi vitabuni, ni kuyaunganisha mawimbi mawili yawe moja. Kanuni ya Abu al-Wafa husema kwamba sin (x + A) ni sawa na sin x cos A + cos x sin A. Gawa 3 na 4 kwa 5 upate 0.6 na 0.8, hizo ni kosini na sini za pembe ya takriban nyuzi 53.13. Kwa hivyo 3 sin x + 4 cos x si kingine ila 5 sin (x + 53.13). Sasa x inaonekana mahali pamoja tu, hakuna wawili wa kushindania kilele, na mipaka ya hasi 5 hadi 5 inasomeka bila hesabu zaidi.

Kwa jumla, a sin x + b cos x ina mipaka iliyo sawa na kipeuo cha pili cha a² + b², chanya na hasi. Ikiwa kuna namba iliyoongezwa pembeni, mipaka yote miwili husogea pamoja nayo: 3 sin x + 4 cos x + 7 huanzia 2 na kuishia 12.

Hapo ndipo kosa la saba huonyesha madhara yake. Tuseme swali linataka mipaka ya 12 gawa kwa usemi huo wa mwisho. Kwa kuwa kigawanyo hucheza kati ya 2 na 12, jibu hucheza kati ya 1 na 6. Kigawanyo kikubwa hutoa jibu dogo, na kinyume chake. Aliyeamini kwamba 3 sin x + 4 cos x hushuka hadi hasi 7 ataona kigawanyo kikifika sufuri, kisha atangaze kwamba jibu halina mpaka wa juu. Kosa dogo la jumla limezaa ukomo usiokuwapo.

FEZI TATU

Sasa yarudiwe yale ya kisanduku cha umeme. Jenereta ya kituo cha kuzalisha umeme, iwe inasukumwa na mvuke wa Olkaria au na maji ya Mto Tana, hutoa umeme kupitia makundi matatu ya nyaya zilizopangwa kulizunguka duara, kila kundi likiwa nyuma ya lenzake kwa nyuzi 120. Kila waya wa moto hupanda na kushuka kama sini, mara 50 kwa sekunde. Wa pili hufanya vivyo hivyo akiwa amechelewa theluthi moja ya mzunguko, na wa tatu theluthi nyingine.

Kipimavolti kilichoshikizwa kati ya nyaya mbili za moto hupima tofauti yao, yaani sin x − sin (x − 120). Kanuni ya jumla ya pembe huivunja sini ya pili kuwa hasi nusu ya sin x, ukiondoa cos x mara 0.866. Tofauti nzima inakuwa 1.5 sin x + 0.866 cos x. Mraba wa 1.5 ni 2.25, mraba wa 0.866 ni 0.75, na jumla yake ni 3. Kwa hivyo kilele cha tofauti hiyo ni kipeuo cha pili cha 3, takriban 1.732. Zidisha kwa 240, na 415 inajitokeza.

Haifiki 480 kwa sababu nyaya hizo mbili haziko kinyume kabisa: mmoja ukiwa kileleni, mwingine hauko kwenye kina chake, uko nusu ya njia chini ya mstari wa katikati. Wala si sufuri, kwa sababu haziendi pamoja.

Msomaji makini atauliza kama 240 ndicho kilele chenyewe. Sicho. Nguvu inayopasha joto pasi au birika hutegemea mraba wa volti, na mraba wa sini una usawa wake wa kudumu: sin²x ni sawa na nusu ya 1 − cos 2x. Mipaka yake ni 0 hadi 1, wastani wake ni nusu kamili, nao hupiga mara mbili katika kila mzunguko, ndiyo maana nguvu inayoingia kwenye balbu hudunda mara 100 kwa sekunde ilhali umeme ni wa mizunguko 50. Volti 240 ni kiwango cha umeme usiobadilika ambao ungetoa joto lile lile. Kilele halisi hupatikana kwa kuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 2, nacho ni takriban volti 339. Kati ya nyaya mbili za moto, kilele hupita volti 580. Kifaa kilichopimwa kuhimili 415 tu, bila kuzingatia kilele, kimepimwa vibaya.

Ajabu zaidi ni pale nyaya zote tatu zinapojumlishwa: sin x + sin (x − 120) + sin (x + 120). Mbili za mwisho huungana kuwa 2 sin x cos 120, na kwa kuwa cos 120 ni hasi nusu, hutoa hasi sin x. Jumla ni sufuri, si kwa pembe moja, bali kwa kila pembe. Usemi wenye sini tatu una mipaka isiyo na nafasi yoyote ndani yake. Ndiyo sababu waya wa nyutro, mzigo ukiwa umegawanywa sawasawa kwa fezi tatu, haubebi mkondo wowote.

Lakini mizigo ya nyumbani haigawanyiki sawasawa, na hapo nyutro ndiyo huzuia maafa. Ikikatika, nyumba mbili zilizo kwenye fezi tofauti hubaki zimefungwa mfululizo kati ya volti 415, kila moja ikichukua fungu lake. Tuseme moja inatumia wati 2,000 za birika na nyingine wati 200 za balbu za zamani za uzi. Kwa kuzichukulia nyumba hizo mbili peke yake, iliyo na mzigo mwepesi hupata sehemu 10 kati ya 11, yaani takriban volti 377. Mwenye birika huona maji hayachemki. Mwenye balbu huziona zikiwaka kwa mwanga mkali ajabu kisha zikazimika kabisa. Anayeelewa kwa nini jumla ni sufuri anaelewa pia kwa nini waya unaoonekana kana kwamba hauna kazi haufai kuguswa.

KUZIDISHA NA MIRABA

Si kila usemi ni wa kujumlisha. Mrusha mkuki huigawa kasi ya mkono wake mara mbili: sehemu ya kwenda juu, ambayo hufuata sini ya pembe ya kurushia, na sehemu ya kwenda mbele, ambayo hufuata kosini. Umbali hutegemea zao la mbili hizo, kwani mkuki unahitaji muda hewani na mwendo wa mbele kwa pamoja. Mipaka ya sin x cos x si hasi 1 hadi 1. Kwa kuwa sin 2x ni sawa na 2 sin x cos x, zao hilo ni nusu ya sin 2x, na mipaka yake ni hasi nusu hadi nusu. Kilele kiko pale 2x inapokuwa nyuzi 90, yaani kwa nyuzi 45.

Hiyo ni hesabu ya jiwe lisilojali upepo, linalotupwa kutoka ardhini. Mkuki hutoka juu ya bega na hubebwa na hewa, kwa hivyo warushaji mahiri huulaza chini ya nyuzi 45. Julius Yego alipoutupa mita 92.72 mjini Beijing mwaka wa 2015 hakuwa akiongozwa na kitabu cha trigonometria. Hata hivyo, shida aliyokuwa akiitatua ni ile ile: sehemu moja ikipewa zaidi, nyingine hupunguka.

Penye miraba iliyochanganyika na sini ya kawaida, mbinu hubadilika. Usemi cos²x + sin x hauwezi kuunganishwa kuwa wimbi moja. Badala yake, cos²x huandikwa 1 − sin²x, na sini ikipewa jina s, usemi huwa 1 + s − s². Sasa ni mlinganyo wa mraba wa kawaida, isipokuwa s imefungiwa kati ya hasi 1 na 1. Mpindo wake hufika juu kabisa s ikiwa nusu, na hapo thamani ni 1.25. Mwisho wa chini hupatikana s ikiwa hasi 1, na hapo thamani ni hasi 1.

Mtego uko kwenye kule kufungiwa. Badilisha usemi kidogo uwe cos²x + 3 sin x, na mpindo wa 1 + 3s − s² hufika juu s ikiwa 1.5, ambapo thamani ingekuwa 3.25. Lakini hakuna pembe yoyote duniani yenye sini ya 1.5. Kilele halali kiko ukingoni, s ikiwa 1, nacho ni 3. Mwanafunzi anayesahau ukingo huo huwa amefanya aljebra safi na kupata jibu la swali ambalo halikuulizwa.

BAMVUA NA MAJI MAFU

Hadi hapa mawimbi yote yamekwenda kwa kasi moja, na kuchelewana kwao hakukubadilika. Bahari ya Hindi haiendi hivyo.

Kujaa na kupwa kwa maji Mombasa hutokana kwa sehemu kubwa na mawimbi mawili. La kwanza husababishwa na mvuto wa mwezi, nalo hurudi kila baada ya saa 12 na takriban dakika 25. La pili ni la jua, na hurudi kila saa 12. Katika bandari ya Kilindini wimbi la mwezi hupanda takriban mita 1 juu ya usawa wa wastani na kushuka kiasi hicho hicho, na la jua takriban nusu yake. Yapo mengine madogo mengi, ndiyo sababu William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mwaka wa 1872 mashine ya roda na uzi ya kuyajumlisha ili kutabiri maji ya bandari. Lakini mawili hayo yanatosha kueleza mambo makuu.

Jumla ya mawimbi mawili yenye ukubwa a na b, moja likiwa limetangulia jingine kwa pembe d, ni wimbi ambalo mraba wa ukubwa wake ni a² + b² + 2ab cos d. Ni ile kanuni ya kosini ya pembetatu, ikitumiwa kwa mikono miwili ya saa iliyounganishwa ncha kwa kitovu. Ndani ya usemi huo mmoja yamo yote yaliyotangulia. Weka d kuwa nyuzi 90, na 3 na 4 hutoa 5. Kwa fezi mbili, kutoa ni sawa na kuligeuza wimbi la pili, hivyo d huwa nyuzi 60, na 1 na 1 hutoa kipeuo cha pili cha 3.

Baharini d hailali. Wimbi la mwezi huzidi kubaki nyuma ya la jua kwa takriban nyuzi 24 kila siku, na cos d huzunguka kutoka 1 hadi hasi 1 na kurudi katika muda wa siku 14 na robo tatu. Kwa hivyo ukubwa wa wimbi la jumla, ukitumia mita 1 na nusu mita, una mipaka yake: mita 1.5 juu na mita 0.5 chini. Safari hii jumla ya vilele hufikiwa, kwa sababu mawimbi yenye kasi tofauti hatimaye hukutana.

Yanapokutana, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika kama mita 3. Hiyo ndiyo bamvua, wakati ambapo wakulima wa mwani wa Kibuyuni katika Kaunti ya Kwale hushuka kwenye mashamba yao yaliyoachwa wazi na maji. Wiki moja baadaye mawimbi hayo hupingana, tofauti hupungua hadi kama mita 1, na wavuvi husema ni maji mafu.

Mtu angedhani kwamba siku za tofauti kubwa na siku za tofauti ndogo zimegawana mzunguko nusu kwa nusu. Kanuni inasema sivyo. Tofauti huwa mita 2, katikati kabisa ya 3 na 1, pale cos d inapokuwa hasi robo, yaani d ikiwa takriban nyuzi 104.5 badala ya 90. Kwa mfano huu wa mawimbi mawili, maji hucheza kwa zaidi ya mita 2 katika siku kama 8 na nusu za kila mzunguko, na chini ya hapo katika siku 6 na robo zinazobaki.